Posho Maana Yake ni Chakula

Mwezi uliopita binti mmoja wa wodini kwetu, muuguzi mwenzangu, alikuja nyumbani kuniaga. Amealikwa kwenye mkutano Vienna, mji mkuu wa Austria, na kwa kuwa mimi nilikwenda huko Novemba mwaka juzi, alitaka kujua abebe nini. Nilianza kumtajia koti na soksi, kisha nikanyamaza. Nikamwambia akae, nichemshe chai, kwa sababu mambo mengine ya safari ile hayaingii kwenye begi. Niliyomwambia siku ile ndiyo ninayokuandikia wewe msomaji, maana siku hizi wauguzi, walimu, wakulima na watu wa vikundi wanaalikwa Ulaya, na wengi tunakwenda mara ya kwanza tukiwa watu wazima, tuna aibu ya kuuliza.

Nianze na makaratasi. Viza ya nchi za Schengen, Austria ikiwamo, unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hairuhusiwi kuchelewa hadi zikabaki pungufu ya siku 15. Usisubiri huko mwisho. Wanataka barua ya mwaliko, barua ya mwajiri ya ruhusa, taarifa ya akaunti yako ya benki, mahali utakapolala, tiketi ya kwenda na kurudi, na bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao, na kurasa mbili tupu. Ada ya viza hairudishwi hata ukinyimwa, kwa hiyo waulize waandaaji mapema nani anailipa. Mimi niliuliza nikiwa nimeshalipa.

Barua yangu ya mwaliko ilisema waandaaji watalipa ndege na hoteli, na kwamba nitapewa posho ya euro 60 kwa siku, siku tano, taslimu, siku ya kwanza ya mkutano. Hiyo ni euro 300. Kwa fedha zetu za wakati ule ni zaidi ya laki nane. Msomaji, barua ile niliisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mada niliyotakiwa kuiwasilisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mume wangu nilimwambia posho ni euro 150. Mama yangu mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amefika hatua ya kupapasa ukuta akienda msalani. Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimempelekea mama fedha bila kushauriana na Baba Neema, tukagombana sana. Hoja yake ilikuwa kwamba nina kaka watatu, na nyumba yetu ina watoto wanaodaiwa ada. Hakuwa amekosea. Lakini mimi niliona njia ya mkato: euro 150 za nyumbani, 150 za mama, na mimi nitakula ninachobeba. Hesabu ilikaa vizuri sana kichwani. Ndani yake hapakuwa na chakula changu hata cha euro moja.

Kwa hiyo nikafunga begi. Koti nilinunua mitumbani, na hilo nakushauri bila wasiwasi, kwa sababu makoti mazito kwetu hayana wateja na bei yake ni ya kuokota. Tafuta lenye kofia na lisilopitisha maji. Beba viatu vilivyofungwa ambavyo umeshavizoea mguuni, wala usinunue vipya kwa ajili ya safari. Nikaweka na kilo mbili za unga wa uji wa lishe, karanga za kukaanga, na hita ile ya kuchovya kwenye ndoo. Nyama na maziwa usibebe kabisa, hata nyama kavu uliyofungiwa na shangazi, maana Umoja wa Ulaya umevikataza kuingia na mizigo ya abiria kutoka kwetu.

Nilifika Jumapili. Uwanja wa ndege wa Vienna uko nje ya mji, kiasi cha kilomita 18, na kuna njia kadhaa za kuingia mjini. Ipo treni maalumu ya haraka ambayo matangazo yake utayaona kila kona, lakini treni za kawaida zinakufikisha mjini kwa chini ya nusu saa na kwa nauli isiyofika nusu ya ile. Nyingine zinakwenda moja kwa moja hadi kituo kikuu, Hauptbahnhof. Mimi nilishuka hapo, nikapanda treni ya chini ya ardhi kituo kimoja tu hadi Keplerplatz, mtaa wa Favoriten, karibu na hoteli yetu. Ni mtaa wa watu wa kawaida, wenye wahamiaji wengi, na hakuna aliyenishangaa.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Jumapili Vienna maduka hufungwa. Si baadhi, ni karibu yote. Jumamosi nayo hufunga saa kumi na mbili jioni. Siku za kazi mwisho ni saa tatu usiku, na mengi hufunga mapema zaidi. Yanayouza vyakula Jumapili ni yale ya ndani ya vituo vikubwa vya treni na uwanja wa ndege. Yaani mimi nilipita katikati ya maduka yaliyo wazi pale Hauptbahnhof nikiwa na njaa, nikajiambia nitanunua mkate mtaani. Mtaani nilikuta makufuli.

Nikajifariji kwamba nina uji. Chumbani hapakuwa na birika la kuchemshia maji, na hoteli nyingi za huko ziko hivyo. Nikatoa hita. Plagi yake ina miguu mitatu bapa kama zetu nyingi, na soketi zao ni matundu mawili ya duara. Umeme ni ule ule, volti 230, ila plagi haiingii. Kwa hiyo beba adapta. Na hita usibebe hata kama una adapta, kwa sababu vyumba vina vifaa vya kunusa moshi, na ukiviamsha utaamsha hoteli nzima. Usiku ule nilikoroga unga kwa maji ya moto ya bomba, nikanywa. Mkunga mzima, ninayefundisha kina mama kupika uji mpaka uive, nilikunywa unga mbichi gizani kama mwizi.

Jumatatu waandaaji walitupitia na basi. Ukumbi ulikuwa Austria Center, ng'ambo ya mto Danube, jirani kabisa na majengo ya Umoja wa Mataifa. Vienna ni moja ya miji minne yenye makao ya umoja huo, pamoja na New York, Geneva na Nairobi ya jirani zetu. Ukialikwa ndani ya majengo yale, pasipoti lazima uwe nayo mkononi, na panga muda wa foleni ya ukaguzi. Tulipewa bahasha za posho, tukasaini. Jioni palikuwa na tafrija, nikala nikashiba. Nililala nikiwaza macho ya mama.

Jumanne nilikwenda mwenyewe. Njia ni rahisi, treni ya U1 yenye rangi nyekundu, kutoka Keplerplatz hadi Kaisermühlen-VIC bila kubadili. Njia zao zinahesabiwa U1, U2, U3, U4 na U6, na nilipokwenda U5 ilikuwa bado inajengwa, usihangaike kuitafuta kama nilivyoitafuta mimi kwenye ramani. Kituoni hakuna geti. Unaingia tu kama sokoni. Nilinunua tiketi kwenye mashine, nikaikunja vizuri nikaiweka kwenye pochi, nikapanda.

Baada ya kituo cha Praterstern watu wawili waliovaa nguo za kawaida wakasimama, wakaonyesha vitambulisho. Nikatoa tiketi yangu kwa kujiamini. Yule mama akaigeuza, akaniuliza kitu, kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba haijagongwa muhuri. Kumbe tiketi ile, isipokuwa umechagua itoke ikiwa imeshagongwa, unapaswa kuichomeka kwenye kisanduku kidogo cha bluu mlangoni mwa kituo ili ipigwe tarehe na saa. Isiyopigwa ni sawa na kutokuwa na tiketi. Nilieleza, nikaomba, nikataja Tanzania. Hakuwa mkali, lakini sheria ni sheria. Faini ilikuwa zaidi ya euro 100.

Msomaji, chukua hili hata kama mengine utayasahau: nunua tiketi ya wiki, inayokuwa nafuu kuliko kununua moja moja, na hakikisha imegongwa kabla hujapanda behewa la kwanza la maisha yako kule. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Barabarani subiri taa ya kijani hata kama hakuna gari. Ukiingia dukani sema "Grüß Gott", inatosha. Hawaulizi habari za nyumbani, za watoto wala za tangu jana, na si kwamba wamekukasirikia.

Treni ilitoka chini ikapita juu ya Danube, mto mpana unaong'aa, na mimi nikapiga hesabu upya. Theluthi ya posho ilikuwa imekwenda kabla ya saa tatu asubuhi. Ningeweza kupunguza fungu la mama, au la nyumbani. Nikaamua kupunguza mwili wangu. Siku hiyo nilikula biskuti za mapumziko ya chai. Jioni nikaona hata nauli ni anasa, nikarudi kwa miguu. Novemba huko jua linazama saa kumi na robo hivi, kwa hiyo nilitembea gizani, kwenye baridi, karibu saa mbili nzima. Nilipofika nikanywa uji wa bomba. Usiku tumbo likaanza kuendesha. Jumatano sikula kitu kwa sababu niliogopa tumbo, na kwa sababu haikugharimu.

Alhamisi saa nne asubuhi nilitakiwa kuzungumza kuhusu watoto njiti na jinsi tunavyowafundisha mama zao kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Saa mbili na nusu nikiwa kwenye foleni ya kahawa, niliona taa zinasogea mbali. Nilichokumbuka baadaye ni zulia, na sauti ikisema, "Mwacheni apate hewa."

Watu wa huduma ya kwanza walinipima. Sukari ilikuwa chini, mwili umeishiwa maji. Wakaniuliza bima yangu ni ipi, na karatasi ya bima ilikuwa hotelini ndani ya begi. Nawe uibebe pochini, na namba yake ya simu uiandike. Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112, na gari la wagonjwa Austria ni 144. Duka la dawa utalijua kwa herufi A nyekundu. Kwa bahati sikuhitaji hospitali. Nilihitaji kula.

Aliyekuwa ameniinamia alikuwa mkunga mtu mzima kutoka Jinja, Uganda, ambaye Kiswahili chake alikipata Mombasa ujanani. Alinitoa nje ya ukumbi, akaninunulia supu na mkate, akakaa mbele yangu mpaka bakuli likaisha.

"Mwanangu, umekula nini tangu jana?"

"Nilikuwa na uji, Mama."

"Na posho waliyotupa?"

Nikanyamaza. Akaniangalia, akaelewa. Nadhani hakuwa ameona mtu wa kwanza.

"Kwetu Uganda," akasema, "posho ni ugali. Ukimpa mtu posho, anaiweka kwenye sahani. Nyinyi Watanzania posho mnaipeleka benki?"

Nilicheka, halafu machozi yakatoka. Kwa sababu hata kwetu, kabla ya semina na bahasha, posho ilikuwa hiyo hiyo: chakula anachopewa askari au kibarua ili aweze kufanya kazi. Wale watu walinipa chakula ili niweze kusimama na kusema habari za watoto njiti. Mimi nilikuwa nimekiuza.

Mwenyekiti wa kikao alinihamishia mchana. Nilizungumza nikiwa nimekaa kwenye kiti, na hakuna aliyejali.

Jioni ile nilimpigia mume wangu. Novemba Vienna iko nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa kiangazi chao ni saa moja, kwa hiyo nyumbani ilikuwa usiku na watoto wamelala. Nilimwambia yote: euro 300, mama, faini, zulia. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo ungekufa huko, mimi ningeambiwa umekufa kwa njaa ukiwa na hela mfukoni." Akakata simu.

Sikulala. Asubuhi nilikuta ujumbe wake wa neno moja: "Umekula?"

Nikaenda kula. Na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kujifunza, nikajifunza kwa haraka. Karibu na hoteli kuna soko la Viktor-Adler, matunda na mboga kwa bei ya watu wa mtaa. Maduka ya vyakula yana mkate, mayai, mtindi na ndizi, na ukinunua humo unakula asubuhi na jioni kwa fedha ndogo. Mlo wa kukaa mezani ufanye mchana siku za kazi, maana migahawa mingi ina mlo wa mchana ulio nafuu kuliko wa usiku. Vibanda vya soseji viko kila mahali, lakini soseji nyingi zina nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza, au atafute vibanda vya Waturuki. Maji usinunue. Maji ya bomba ya Vienna yanatoka kwenye chemchemi za milimani, bomba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1873, na ni matamu kuliko ya chupa. Beba chupa tupu ujaze. Ukiagiza kahawa kwenye mikahawa yao ya zamani, inakuja na glasi ya maji, na hakuna atakayekufukuza hata ukikaa na kikombe kimoja mchana kutwa. Yule Mama wa Jinja na mimi tulikaa hivyo Ijumaa mchana, tukizungumza wagonjwa wetu na mama zetu.

Zawadi nilinunua chache. Niliondoka na orodha ya watu kumi na wanne, viatu, manukato, simu. Ukiweza, wakatalie ukiwa bado nyumbani, kwa upole, maana ukiwa uwanja wa ndege utashindwa. Kama unanunua kitu kikubwa, kinachozidi euro 75 katika duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi, igongwe muhuri na forodha unapotoka. Mimi nilibeba pipi za chokoleti.

Nilirudi na euro mia moja na ushee. Niliziweka mezani mbele ya Baba Neema, pamoja na barua ya mwaliko yenye kiasi halisi. Hakuzigusa. Alisema kilichomuuma si mama kusaidiwa, ni kwamba nilimwona yeye kuwa mtu wa kufichwa. Mazungumzo hayo hayakwisha siku moja, na sitaki kukudanganya kwamba yaliisha wiki moja. Lakini yeye ndiye aliyewapigia simu kaka zangu watatu na kuwaita kikao. Kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia kwa uwazi kwamba mama haoni. Kila mmoja alidhani mwenzake anashughulikia. Zikachangwa, na zile euro zikaingia humo, safari hii zikiwa zinajulikana na kila mtu.

Mama alifanyiwa jicho la kulia mwezi Februari. Siku walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinitazama kwa muda, akakunja uso, akasema, "Mbona umekonda hivyo?" Nilikuwa nimesharudisha kilo zangu zote wakati huo. Nadhani alikuwa anamlinganisha na binti aliyemwona mara ya mwisho kwa macho mazuri, miaka mingi nyuma.

Yule muuguzi mwenzangu alimaliza chai yake, akafunga daftari. Alikuwa ameandika adapta, tiketi ya wiki, muhuri, namba 112. Nikamuuliza posho yake ni kiasi gani. Akataja. Nikamuuliza kama mumewe anajua. Akatazama chini kidogo, kisha akasema atamwambia usiku huo huo.